Wamemziba mdomo Richard Pryor penye neno lenyewe

Nilikuwa nitoe nyota tatu kwa rekodi hii niliyoitazama kwenye huduma ya video mtandaoni. Picha ni safi, ile suti yake nyekundu haijapauka, na Pryor, mchekeshaji Mweusi wa Marekani, katika filamu ya onyesho lake Live on the Sunset Strip (1982) anatembea jukwaani kama anavyostahili kuonekana. Halafu ikafika sehemu anayosimulia safari yake ya Kenya, nikakasirika mpaka sasa.

Anayemfahamu Pryor anajua uzito wa kipande kile. Albamu zake za 1974 na 1976 zina lile tusi wanalotukanwa Weusi wa Marekani, “neno la N”, kwenye majina yake, na zote mbili zilipata tuzo ya Grammy. Neno la kuwadhalilisha watu wake alilitwaa akalifanya lake. Mwaka 1979 akaenda Kenya, akakaa kwenye sebule ya hoteli akitazama watu weusi wa kila aina na kila kazi, akajiuliza kama yumo hata mmoja wa kuitwa hivyo. Hakumwona. Akaamua kuliacha.

Sasa huduma hii ya video mtandaoni imelizima neno lenyewe! Ameacha nini? Mtazamaji mgeni hawezi kujua, maana hata maandishi ya chini yamejazwa vinyota.

Na kazi yenyewe ni ya kizembe. Kichujio cha matusi hakikati neno peke yake, kinameza na sauti ya kabla na baada yake. Maikrofoni ya jukwaani na vicheko vya ukumbini vikishachanganywa pamoja, ukizima kimoja umezima vyote, ndiyo maana hapa kicheko kinaibukia katikati. Pryor ni mtu wa mapigo: anatulia, anabadili sauti, anakuwa mtu mwingine. Katika filamu yake ya 1979 aliigiza hata moyo wake ukimkaripia. Ukimpunguzia nusu sekunde, hujui tena nani anasema na nani.

Ukiikuta rekodi kama hii, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, zima kichujio cha lugha na udhibiti wa watoto, toka, kisha ingia upya. Vaa vipokea sauti vya masikioni. Kama kicheko bado kinakatika pamoja na neno, basi ukataji umo ndani ya sauti yenyewe na hakuna kitufe cha kukusaidia. Hii ndiyo hali ya hapa. Huduma kwa wateja walinijibu kwa mkato kwamba wanalinda watazamaji. Wanawalinda na nani? Na mtu anayeeleza kwa nini ameacha kutukana?

Nyota moja, basi.

Ila sehemu ya kuungua kwake Juni 1980 haijaguswa. Anawasha kiberiti, anakipitisha hewani kikirukaruka, na kijiti hicho ni yeye mwenyewe akikimbia barabarani huku anawaka. Kwa hilo naongeza nyota ya pili, na ni ya Pryor, si yao. Kwa ajili ya Kenya, tafuta diski ya zamani ambayo sauti yake haijachujwa.