Vespa PX 150 baada ya miaka minne: kanzu safi, mikono michafu

Kabla ya vespa nilikuwa mtu wa baiskeli, na mpaka leo ni mtu wa baiskeli. Ninayo Phoenix ya inchi 28, ile nyeusi ya Kichina yenye breki za fito, niliyorithi kwa ami yangu. Nimekwenda nayo kazini miaka, kutoka Fuoni hadi mjini, asubuhi kijibaridi, mchana jua la utosi. Kilichonisogeza kwenye vespa si uvivu, ni kanzu. Kila Ijumaa nafika msikitini pindo lina mchoro wa mnyororo, na mke wangu alishachoka kusugua girisi.

Kumbe aliyebuni chombo hiki alishawafikiria watu kama sisi. Corradino D'Ascanio alikuwa mhandisi wa ndege na pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Kampuni ya Piaggio walipoitoa Vespa ya kwanza kule Italia mwaka 1946, injini ilikuwa imefunikwa, mnyororo hakuna kabisa, na mbele ya miguu pana bamba pana la kuzuia tope. Unapanda kwa kupitisha mguu katikati, hurushi mguu juu ya kiti. Mwenye kanzu na mwenye buibui wote wanakaa na heshima zao. Jina lenyewe kwa Kitaliano ni nyigu. Ukiisikia ikikata kona pale Darajani huna haja ya kufasiriwa.

Yangu ni PX, toleo lililoanza mwaka 1977, cc 150, gia 4 za mkononi. Niliinunua mtumba hapa hapa Unguja, na hapo ndipo kisa kinapoanza.

Muuzaji aliipiga kiki, ikawaka mara moja, ikatoa moshi mweupe. Nikauliza. Akasema ndiyo kawaida ya mashine za kuchanganya oili kwenye petroli. Kweli moshi kidogo ni kawaida, lakini huu wangu, siku ya kwanza kuiwasha uani, majirani walifunga madirisha wakidhani wamekuja watu wa kupiga dawa ya mbu. Nikaipeleka kwa fundi. Akabadilisha plagi. Wiki ya pili akabadilisha plagi. Wiki ya tatu, plagi, na kila mara mkono wake uko wazi unasubiri pesa.

Fundi wa pili ni mzee, hakushika hata spana kwanza. Aliniuliza, "Mwanangu, oili ya giaboksi umeitia lini?" Nikamwambia nimetia juzi. Akafungua bolti, akachovya kijiti, kikatoka kikavu. Giaboksi ya PX inachukua mililita 250 tu, na chini ya vespa yangu hakukuwa na tone hata moja. "Haivuji," akasema, "inainywa." Sili ya krankishafti upande wa klachi, ule mpira unaozuia oili isipite kwenye mhimili wa injini, ilikuwa imekufa, injini ikawa inavuta oili ya giaboksi na kuichoma. Sili yenyewe bei yake ni kama ya staftahi ya watu wawili. Kuifikia ndiyo mtihani: injini ishushwe, ipasuliwe nusu mbili, kisha irudishwe. Siku 3 nikarudi kwenye Phoenix yangu, na wallahi baiskeli ile ilikuwa kama inanicheka.

Basi ukienda kununua, usiitazame rangi. Nenda asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha, ushike injini kama ni baridi. Chovya kijiti kwenye oili ya giaboksi, unuse. Ukisikia harufu ya petroli, jua sili ile imekufa: rudisha pesa mfukoni uagane naye kwa wema.

Baada ya sili ile, sijawahi kufunguliwa injini tena. Ninachofanya ni kuchanganya petroli mwenyewe: kila lita 1, oili mililita 20. Natembea na chupa ya dawa ya kifua ya watoto, nimeichora alama kwa wino, na vijana wa kituo cha mafuta wameshazoea kuniona nikipima kama mfamasia. Yangu inanipa kilomita 30 na kidogo kwa lita. Kitu kingine nilichojifunza kwa aibu ni kufunga koki ya petroli kila ninapoegesha. Ukisahau usiku mzima, asubuhi utapiga kiki mpaka jasho likutoke, na watoto wa skuli wakipita wanahesabu kwa sauti.

Kuiendesha ni elimu. Klachi na gia vyote viko mkono wa kushoto. Unaikamua klachi, unazungusha kiganja chote. Wiki ya kwanza kifundo cha mkono kiliniuma kama nimetwanga mpunga. Injini iko upande wa kulia, kwa hiyo uzito unaegemea huko, na mtu wa baiskeli aliyezoea chombo kilicholingana ataona kama kuna mtu anamvuta shati. Breki zangu ni za ngoma mbele na nyuma, na hazina haraka. Hapo Phoenix ilinisaidia: aliyekulia kwenye breki za fito huanza kusimama kabla ya shimo, si ndani yake. Na mashimo lazima uyaheshimu, maana magurudumu ni ya inchi 10. Usiku ukisimama, taa nayo inasinzia pamoja na injini, inazinduka ukivuta mafuta.

Sasa nikuonyeshe kwa nini naipenda. Msimu wa kusi uliopita nilikuwa nakwenda Paje, upepo wa kutosha, lile bamba la mbele limekuwa tanga. Kwenye miembe ya Bungi gurudumu la mbele likalegea. Msumari. Wakati wa baiskeli hapo ningekuwa nimempindua mnyama juu chini, natoa tyubu, natafuta kidimbwi cha maji nione tundu linapotoa povu, nipige kiraka, niombe Mungu gundi ishike. Kwenye PX nikafungua shavu la kushoto la nyuma, kile kifuniko cha ubavuni, na ndani yake limekaa gurudumu la akiba, zima, lina upepo wake.

Watoto wawili wakaja. "Shikamoo ami." "Marahaba." Mkubwa nikamkalisha nyuma ya kiti ili mbele kunyanyuke. Gurudumu limeshikwa upande mmoja tu, kama la gari au la ndege, huhangaiki na uma wala mnyororo: nati 5, spana namba 13, limetoka, jengine limeingia. Gurudumu hilo hilo linakaa mbele na nyuma. Mdogo akauliza, "Na shavu la pili lina nini?" Nikamwambia injini. Akanitazama kama namdanganya, ikabidi nilifungue aione.

Vipuri si shida kubwa, kwa sababu Wahindi wa kampuni ya LML kule Kanpur waliunda skuta hii hii kwa leseni na vitu vingi vinaingiliana. Waya wa klachi nauweka mmoja wa ziada chini ya kiti, maana ule hukatika bila hodi. Adui mkubwa hapa kwetu ni chumvi. Nikitoka pwani naiosha kwa maji baridi ya bomba, hasa chini ya sakafu, ambako kutu huanza kimya kimya huku juu bado inang'ara.

Kama unataka mbio, nunua kitu chengine. Kama hupendi kuchafua kucha, pia. Mimi nyota naipa 4 kati ya 5, na ile moja niliyoibakisha ni ya breki. Mashairi ya kusifu vespa nawaachia watalii. Mimi nasifu ile ndoano ndogo mbele ya kiti, ya kutundikia mfuko. Kila jioni naning'iniza mikate 4 ya boflo ya moto humo, inafika nyumbani haijabonyea. Kwenye Phoenix ilikuwa ikifika chapati.

Baiskeli sikuiuza. Jumapili alfajiri naitoa, natia oili ya cherehani kwenye mnyororo, nakwenda nayo hadi Tunguu na kurudi. Jirani yangu, yule aliyefunga dirisha siku ya moshi, majuzi ameniuliza vespa naiuza kiasi gani. Nimemwambia aje Ijumaa baada ya sala tuzungumze. Ijumaa ipi, sikumwambia.