Tuisheni ya fizikia: ile 2.45 bado iko kwenye madaftari ya watu

Nililipa mwezi mzima wa tuisheni ya fizikia, darasa la sisi tunaorisiti kama watahiniwa wa kujitegemea, na hadi leo nikikumbuka ile jioni ya migongano damu inanichemka.

Ni kama wiki mbili tatu zimepita. Mwalimu aliandika ubaoni: toroli ya kilo 2 inakwenda mita 3 kwa sekunde, inaigonga ya kilo 1 iliyosimama, zinanasana na kwenda pamoja. Kasi yake? Akachukua nishati ya mwendo, jouli 9, akaihamishia yote kwenye toroli zilizonasana, akapata 2.45. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, mwalimu, zikinasana nishati ya mwendo haibaki vilevile, kinachobaki ni momentamu, yaani kilo za kitu mara kasi yake. Mwanzo ilikuwa 6, mwisho iwe 6, na kilo sasa ni 3, kwa hiyo kasi ni mita 2. Jouli 3 zimeishia kwenye joto, mlio na kubonyea pale zilipogongana.

Mnajua alinijibu nini? "Dada, umekuja kusoma au kunifundisha?" Darasa zima likacheka. Ubao hakuufuta. Vijana wamenakili 2.45 na ndiyo watakayoingia nayo kwenye mtihani! Mimi mara ya kwanza nilifeli kwa kukariri vitu vya namna hiyohiyo.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Ila nisimdhulumu. Siku chache kabla alitufundisha impalsi, yaani nguvu mara muda inaotumika, na somo tamu vile sijawahi kulipata popote. Wanafunzi wawili walishika khanga, wakailegeza, akalivurumisha yai kwa nguvu zake zote. Zima! La pili akalitupa ukutani, tukafuta sakafu. Yai linapoteza momentamu ileile, akasema, lakini khanga inalisimamisha polepole, muda ukirefuka nguvu inapungua. Tangu siku hiyo sipandi bodaboda kabla ya kubonyeza ndani ya helmeti nione kama bado ina kitu laini cha kukisimamisha kichwa polepole.

Kwa hiyo nyota tatu. Hapana, mbili. Baada ya kipindi nilimfuata na hesabu yangu kwenye karatasi, hata kuitazama hakuitazama, eti ana haraka. Mtu anayefundisha impalsi vizuri hivyo anashindwaje kusema "nimekosea"? Siku akiisahihisha ile 2.45 mbele ya wale vijana, nitarudi hapa kubadilisha nyota na ada ya mwezi nitalipa. Kwa sasa hela yangu siipeleki.