Tableti kwa awamu au pesa mkononi? Uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Nina atelye ya kushona Kamalondo. Wateja wanapenda kuchagua mtindo kwenye picha, na skrini ya simu yangu haiwatoshi mama wawili kuiinamia pamoja. Nikataka tableti ya kutia kadi ya SIM. Hapo ndipo hesabu zilipoanza: niichukue kwenye kampuni ya simu pamoja na mkataba, ama ninunue dukani na intaneti nijitafutie mwenyewe?

Mkataba wa fakture (ankara) ya kila mwisho wa mwezi niliuacha mapema. Wanataka karatasi ya mwajiri na ya benki. Mimi nina mashine tatu na kadi ya mpiga kura. Huo ni wa makampuni na wenye mshahara, tuendelee.

Ofa ya awamu ndiyo iliyonishika. Samsung Galaxy Tab A9, unatanguliza dola 60, kisha dola 22 kila mwezi kwa miezi 12, na giga 10 za kila mwezi zimo humo. Jumla 324. Tableti ileile mjini niliambiwa 190 pesa mkononi. Toa 190 kwenye 324, zinabaki 134, yaani dola 11 na senti kidogo kwa mwezi kwa giga 10. Forfe ya mwezi, yaani kifurushi cha intaneti cha kiasi hicho, kwenye rezo (mtandao) ileile, nilikuwa nainunua dola 10. Kwa hiyo kukaa na tableti ya mkopo mwaka mzima kungenigharimu kama dola 14 tu za ziada. Kwa kweli si ghali. Nilikuwa nimekaa na kalamu nikitafuta mtego kwenye bei, na bei ilikuwa safi.

Mtego uko kwenye kufuli. Tableti hiyo haikubali kadi ya kampuni nyingine mpaka umalize awamu zote. Sasa hapa kwetu nani anaishi na rezo moja? Kongo yetu ina Vodacom, Airtel, Orange na Africell, na kwenye mkoba wa mama yeyote wa sokoni utakuta kadi mbili au tatu, kwa sababu rezo zinapokezana kuanguka. Kabla ya kusaini chochote nilinunua kadi ya kampuni hiyo nikaitia kwenye simu yangu. Kamalondo ilikimbia, picha zinafunguka kabla sijapepesa macho. Nyumbani Ruashi, jioni, ni alama ya kusubiri kuzunguka tu, na umeme ukikosekana kwa muda mrefu inakuwa mbaya zaidi. Mimi kazi ya kutafuta mitindo naifanya usiku. Kadi ya kujaribia ni bei ndogo sana. Mtu asiwauzie mwaka mzima wa rezo ambayo hamjaionja chumbani mwenu.

Kuna kufuli la pili. Ukichelewa kulipa, skrini yote inafungwa kutoka mbali. Samsung wenyewe wana huduma ya namna hiyo kwa wanaouza kwa awamu, inaitwa Knox Guard. Si wizi, iliandikwa kwenye mkataba, kwa Kifaransa na kwa herufi za mchwa. Lakini fikiria Septemba, shule zimefunguka, pesa yote imekwenda kwa watoto, na vipimo vya wateja vimefungiwa ndani ya tableti.

Nikamuuliza kijana wa dukani: nikitoka kwenye mkataba katika mwezi wake wa saba, nalipa nini? Swali hilo nilipewa na mdogo wangu anayeishi Liège. Kule Ubelgiji, tangu sheria ya 2012, mteja wa kawaida anaweza kuuvunja mkataba wa simu baada ya miezi sita bila faini. Kama kifaa alikipata kwa bei ya chini, analipa thamani yake iliyobaki, basi. Kijana akaniambia, « Mama, ngoja nimwite mkubwa. » Mkubwa akaja, mpole sana, akasema ninalipa awamu zote zilizobaki. Na giga za miezi nisiyoitumia? Zimo humo humo. Nikamshukuru nikatoka.

Nikangoja zamu yangu ya likelemba, ule mchango tunaopokezana, nikanunua mjini. Angalieni jambo moja: Tab A9 ziko za sura ileile, SM-X115 inaingia kadi, SM-X110 ni ya Wi-Fi peke yake. Nyingine huko mbele ya duka zimewekwa pamoja na bei moja. Soma namba kwenye boksi, kisha tena kwenye mipangilio. Na noti zenu za dola zisiwe na hata mkato wa ukucha. Moja yangu ilirudishwa kwa sababu ya kitobo nilichokiona mimi baada ya kuonyeshwa.

Wengine waliniambia nichukue hiyo ya Wi-Fi, nitumie modemu ndogo ya mfukoni. Inawezekana, lakini tableti ikiona Wi-Fi inadhani ni ya bure: inapakua masasisho, inapandisha picha zote, na forfe inayeyuka. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo uiambie tableti kuwa ni mtandao wenye kipimo. Hapo inatulia.

Sasa mchana natia kadi ya ile rezo ya Kamalondo, usiku nyingine. Nanunua forfe za wiki badala ya mwezi. Giga moja inatoka ghali kidogo, ila wiki mbaya ya rezo hainipotezei mwezi mzima. Video naziweka 480p. Kwa kuangalia jinsi ya kukata kola inatosha kabisa. Kinachoniudhi bado ni betri, kwa sababu wateja hawaiachi.

Yaya wangu wa Kipushi, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, alichukua ileile ya awamu niliyoikataa, na hajajuta hata kidogo. Nyumbani kwake rezo inayoshika vizuri ni hiyo moja, na mshahara wake unaingia tarehe inayojulikana.