Sanduku la hadithi la mbao kutoka Ngamiani: fremu safi, kadi zikague kwanza

Kwa shilingi 55,000 unapata sanduku la mbao za paini lenye milango mitatu ya kukunjua, kadi 12 za ukubwa wa A3 na kijitabu cha mwongozo. Analitengeneza seremala wa Ngamiani, hapa Tanga, kwa mfano wa kamishibai ya Wajapani: picha hupangwa ndani ya fremu, msimulizi huzichomoa ubavuni moja baada ya nyingine, na maneno yake yako nyuma ya kadi. Kule Japani, miaka ya 1930, wauza peremende walizunguka mitaani na masanduku ya namna hii juu ya baiskeli. Hili nalo linakaa vizuri kwenye kerea, ulifunge mpira tu.

Useremala hauna neno. Bawaba hazilii na milango inasimama yenyewe. Shida ni mfereji wa kupitishia kadi, ambao una milimita 6 tu. Kadi tupu zinapita, lakini unyevu wa pwani huzikunja kona, na ukizipiga laminesheni kuzuia hilo, zote 12 zinakaribia milimita 9 na zinagoma kutoka. Unapoagiza, mwambie fundi achimbe milimita 10. Laminesheni nayo iwe isiyong'aa. Ile ya kung'aa, mtoto aliyekaa pembeni haoni fisi aliyechorwa kwenye kadi, anaona mng'ao wa dirisha.

Kosa kubwa liko kwenye uchapaji. Darasa likiwa linatazama picha ya 5, mwalimu aliye nyuma ya sanduku anaona mgongo wa kadi ya 4, kwa sababu ndiyo iliyochomolewa mwisho na kurudishwa nyuma ya zote. Kwa hiyo maneno ya picha ya 5 yanatakiwa yawe mgongoni mwa kadi ya 4, na ya picha ya kwanza mgongoni mwa kadi ya 12. Seti hii imechapa maneno ya kila picha mgongoni mwake yenyewe. Matokeo yake simulizi iko nyuma ya picha kwa hatua moja: sungura ameshanasa, mwalimu bado anasoma anavyotua kisimani. Dawa ni kutoa fotokopi ya migongo yote 12 na kuibandika upya kwa kusogeza namba moja. Hiyo ifanyike kabla ya laminesheni.

Hadithi yenyewe imechaguliwa vizuri: wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kazi halafu anakuja kuiba maji. Kadi ya 7 anatua kisimani. Ya 8 mguu wake umenasa kwenye gamba la kobe lililopakwa ulimbo. Hapa ndipo sanduku linapoishinda picha ya ubaoni. Chomoa ya 7 nusu tu, uishike hapo hapo. Darasa linaona masikio na mguu mmoja, halioni kilichoushika. Uliza kitakachotokea, wape dakika moja wajadiliane wawili wawili, ndipo umalizie kuchomoa. Usiulize "mmeelewa?", maana jibu lake ni "ndiyooo" siku zote.

Kijitabu ndicho dhaifu kuliko vyote. Maswali yake ni ya kukumbuka tu (sungura alikunywa nini?), na kinamtaka mwalimu asome neno kwa neno. Ni bora usimulie, ukitupia jicho mgongo wa kadi pale unaposahau. Kwa kipindi cha dakika 30 cha darasa la pili, dakika 3 zitoshe kwa maneno mapya kama ulimbo na gamba, kisha "Hadithi hadithi!" na "Hadithi njoo!", dakika 10 za kusimulia, na zilizobaki wape watoto kadi. Makundi manne, kadi tatu kila moja, wazitundike kwenye kamba kwa vibanio kwa mpangilio wa matukio, halafu kila kundi lisimulie sehemu yake. Hapo ndipo utajua nani amefuata na nani alikuwa anatazama rangi.

Darasa la watoto 70 usilionyeshe kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya mita 5 picha ya A3 haisomeki, kwa hiyo gawa mara mbili: nusu waje mbele mkekani, nusu wabaki na zoezi la kuandika. Sanduku likae juu ya meza ya mwalimu, si juu ya kiti, la sivyo safu ya pili itaona visogo vya safu ya kwanza.

Fisi, kwa kweli, amechorwa kama mbwa wa Soko la Mgandini. Watoto watacheka, waache wacheke, kisha waulize fisi wa kweli ana tofauti gani.