Waridi la Queen Elizabeth kwenye udongo wa Tabora: uzoefu wangu

Sifa yake kubwa ni kwamba halichoki. Mawaridi mengi ya mitaani kwetu huchanua mvua zikinyesha, kisha kiangazi kizima yanabaki miiba tu. Hili, lililozalishwa Marekani na Walter Lammerts na kuanza kuuzwa mwaka 1954, likipata maji linachanua, linapumzika kidogo, linachanua tena. Ukikata ua, baada ya wiki sita au saba hivi tawi lilelile lina tumba jingine. Hata Septemba, mji mzima ukiwa rangi ya vumbi, ukutani kwangu kuna waridi la pinki.

Tatizo ni urefu. Muuzaji wa miche alinihakikishia kwamba haliwezi kuvuka magoti. Jamani, limenipita kichwa! Anayetaka kupamba kando ya njia alipande nyuma kabisa, karibu na uzio, mbele aweke maua mafupi ya kuficha mashina, maana huku chini halina majani ya maana.

Lakini kwa maua ya kukata, urefu huohuo ndio utamu wake. Kikonyo ni kirefu, kimenyooka, miiba yake michache. Mimi hukata asubuhi na mapema, tumba likiwa limeanza kulegeza petali za nje, na vile vijani vilivyolifunika vimeshageuka kutazama chini. Ukilikata limefumba kabisa, litainamisha shingo ndani ya ndoo na halitafunguka. Mkasi uwe mkali, ukate mshazari juu kidogo ya jicho (pale chipukizi jipya linapotokea) linalotazama nje ya kichaka, na ua liingie kwenye maji hapohapo. Mara nyingi hutoa maua kadhaa kwenye tawi moja, hivyo akina mama wanaopamba altare parokiani kwetu wakija Jumamosi, matawi machache yanawatosha.

Harufu yake hafifu mno. Anayetaka la kunukia sebuleni atafute jingine.

Kuhusu matunzo, udongo wetu wa kichanga haushiki maji, kwa hiyo shimo linataka samadi nyingi, tena iliyooza kwelikweli. Matandazo ya nyasi kavu nayaweka mbali na shina. Mchwa wa Tabora wakishamaliza nyasi hawaagi, wanahamia kwenye mti. Mvua zikikolea, Desemba mpaka Machi, majani hupata madoa meusi, yanageuka manjano na kupukutika. Nayaokota na kuyachoma. Kiangazi namwagilia shinani, si juu ya majani. Na kwa kuwa mche ni wa kubebesha, yaani waridi hili limeunganishwa juu ya shina la waridi jingine, chipukizi lolote linalotokea chini ya kiungio nang'oa, la sivyo shina mama litalimeza waridi lenyewe.

Bei ya mche ni ghali kuliko mawaridi ya kawaida, lakini nimeshaagiza mengine mawili, ya kupanda nyuma ya jiko ambako maji ya kuoshea mboga humwagwa kila siku.