Chombo cha maua cha Rookwood cha 1924: kipindue kabla hujakipenda

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani nimeweka kitu kimoja tu, hiki hapa. Ni chombo cha maua, kimo chake inchi tano na nusu, kama sentimita 14 hivi. Tumbo la mviringo, shingo fupi, na majani yamebonyezwa kwenye udongo kuzunguka mabega. Rangi yake ni ya waridi, na ikipanda mabegani inaingia kijani pole pole. Ngojeni nikisogeze dirishani, kwa sababu taa ya hapa ndani inaidanganya rangi. Haya, sasa tazameni. Haking'ai. Mwanga unakiangukia na kutulia palepale.

Hiki ni Rookwood, yaani kimetoka kiwanda cha ufinyanzi cha jina hilo, Cincinnati, jimboni Ohio huko Marekani, mwaka 1924. Nilikipata kwa dola 90 kwenye nyumba moja karibu na Dayton, mwenye nyumba alikuwa amefariki na watoto wake wanauza vyombo vyote. Kilikuwa jikoni, kimejazwa vijiko vya mbao.

Nimejuaje kwamba ni cha 1924? Hakuna aliyeniambia. Nilikipindua.

Sogeeni karibu na kitako. Mnaona herufi mbili zimepeana mgongo, R iliyogeuzwa na P? Hiyo ndiyo alama yao tangu 1886. Halafu angalieni hivi vindimi vya moto vinavyoizunguka. Kuanzia 1887 waliongeza ulimi mmoja kila mwaka, hadi 1900 vikafika 14. Nafasi ikawa imejaa, basi kuanzia 1901 wakaanza kuandika mwaka kwa tarakimu za Kirumi chini ya alama. Hapa pameandikwa XXIV. Ishirini na nne, yaani 1924. Chini yake kuna namba ya umbo, na baada ya namba, herufi E. Herufi hizo ni za ukubwa: A ndicho kikubwa kabisa, F kidogo kabisa. Mimi sijui kiwanda kingine cha enzi ile kilichomrahisishia mnunuzi kazi namna hii. Unashika chombo cha miaka mia moja na kinakwambia chenyewe umri wake.

Na kuna alama moja zaidi ya kutafuta, ambayo wauzaji wengi hawaitaji: herufi X, iliyokwaruzwa kwa gurudumu la kunoa baada ya chombo kutoka tanuruni. Maana yake kiwanda chenyewe kilikiona kina dosari na kikakiuza kwa bei ya chini. Hiki changu hakina X. Lakini hata chenye X msikikimbie, ulizeni tu dosari ni ipi. Wakati mwingine ni kitone cha rangi kimeruka mahali, basi.

Sasa tuongee rangi, maana ndiyo iliyonileta kwenye mambo haya. Hii si rangi ya kupaka kama ya ukutani. Ni glezi, yaani unga wa madini uliokorogwa na maji, chombo kikavishwa kisha kikachomwa mpaka unga ukayeyuka na kushikamana na udongo kama kioo. Kobalti ikitiwa ndani yake inatoa buluu. Shaba inatoa kijani, na mchanganyiko ukibadilishwa inatoa ile feruzi ya bahari ya asubuhi. Chuma kinatoa kahawia na manjano. Sasa pitisha kidole hapa kwenye jani. Kwenye ukingo wa jani glezi imekimbia ikawa nyembamba, udongo unachungulia. Kwenye bonde kati ya jani na jani imejikusanya, ikawa nzito na rangi imekolea. Hakuna aliyekaa na brashi akachora kivuli kile. Ni moto umefanya.

Na huku kutong'aa kuna habari yake. Rookwood ilianzishwa 1880 na mama mmoja, Maria Longworth Nichols, ndani ya jengo la shule ya zamani alilonunuliwa na babake. Walipata sifa kwanza kwa vyombo vya kung'aa, vya kahawia iliyoiva, vilivyochorwa maua, na mwaka 1889 wakachukua medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris. Walikuwa na mchoraji kijana, Artus Van Briggle, wakampeleka Paris kusoma. Kule akakutana na vyombo vya kale vya Kichina vyenye glezi iliyotulia, isiyorudisha mwanga. Akarudi Ohio hana usingizi, anatafuta namna ya kuipata ile glezi. Lakini kifua kikuu kilikuwa kimemwingia. Mwaka 1899 akahamia Colorado Springs kwa ajili ya hewa kavu, akafungua kiwanda chake 1901, na glezi akaipata. Akafariki 1904, ana miaka 35. Mkewe Anne akakiendeleza kiwanda. Kila nikishika chombo cha feruzi cha Van Briggle, nikaona zile A mbili zilizoshikana kitakoni, ya Artus na ya Anne, namkumbuka yule kijana anakohoa mbele ya tanuru. Huko Boston nako kiwanda cha Grueby walikuwa na kijani chao kizito kama ganda la tikiti. Ndani ya miaka michache Marekani nzima ikataka vyombo visivyong'aa.

Basi hapa ndipo penye neno langu la leo. Wakusanyaji wengi watakwambia Rookwood ya kweli ni ile iliyochorwa kwa mkono na kutiwa sahihi ya mchoraji. Ni vizuri mno, sikatai. Kuna Mjapani aliyejiunga nao 1887, Kataro Shirayamadani, kazi zake zinauzwa maelfu ya dola na zinastahili. Lakini hivi visivyochorwa, vilivyomiminwa kwenye kalibu na kuvishwa glezi tu, wanaviita vya biashara na kuvipita. Mimi nawaambia glezi ni ileile, ya kiwanda kilekile. Ukinunua hiki unanunua kazi ya watu waliotumia miaka kuisumbukia rangi, na hakuna picha ya ua inayokuvutia macho pembeni. Kama mfuko wako ni wa mshahara wa kawaida, anzeni hapa.

Sasa kasoro. Mdomo wa chombo ukaguliwe kwa ukucha, siyo kwa macho. Macho yanasamehe, ukucha unanasa kwenye pengo dogo kuliko punje ya mchele. Kisha kigonge taratibu kwa kidole. Kisikilizeni hiki. Kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti ya kufa, kama umegonga boga. Na ukiwa na tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti, mulika gizani: mahali palipozibwa na kupakwa rangi panawaka tofauti na penginepo.

Mtaona pia mtandao wa nyufa nyembamba mno juu ya glezi, kama utando wa buibui. Hiyo inatokea pale glezi inaposinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa. Kwa chombo cha umri huu mimi haunisumbui, ila una jambo lake. Mwaka juzi nilinunua mtandaoni chombo cha buluu, muuzaji akaandika hakina tatizo. Nikatia maji na matawi ya mrihani, nikaenda kulala. Asubuhi meza ya mbao ina duara jeupe mpaka leo. Maji yalipita kwenye nyufa, yakapita kwenye udongo, yakatoka chini. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kulikuwa na ufa mzima kutoka mdomoni hadi tumboni, na kwenye picha zote upande huo ulielekezwa ukutani. Kwa hiyo ombeni picha za pande zote nne, na ya kitako, na ya ndani. Asiyetaka kupiga, mwacheni na chombo chake.

Dada mmoja aliniuliza kuhusu vyombo vya Roseville, kiwanda kingine cha Ohio, cha mji wa Zanesville, kilichofungwa 1954. Ni vizuri na ni rahisi kupata, ila jihadharini na nakala. Miaka ya 1990 zilianza kuingia kutoka China zimeandikwa Roseville, nyingi hazina neno U.S.A. chini yake. Dawa ni rula. Anayeiga huchukua chombo cha zamani akatengenezea kalibu, na udongo mpya ukikauka na kuchomwa husinyaa. Kwa hiyo nakala hutoka ndogo kuliko asili yake, na majani yamevimba, hayana makali.

Na Fiesta, vile vyombo vya Kimarekani vya rangi kali, kwa kifupi. Walitoa vyombo vya maua vya kupendeza sana kuanzia 1936. Ile nyekundu yao iliyo kama chungwa ilitiwa urani, madini yenye mionzi, ndani ya glezi. Mwaka 1943 ikasimamishwa kwa sababu serikali iliichukua urani yote kwa ajili ya vita. Kuiweka kabatini ni sawa, lakini chakula msitie humo, wala humu kwenye hiki, wala kwenye glezi yoyote ya kale, maana nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Bibi yangu kule Lamu alikuwa na sahani mbili za kaure kwenye kidaka, na sisi watoto tulikatazwa hata kuzipumulia. Aliziosha mwenyewe, kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa cha khanga kuukuu. Hivyo ndivyo ninavyoosha hiki. Sabuni kidogo, hakuna brashi, hakuna mashine ya kuoshea vyombo kabisa. Ukikishika kikiwa kimelowa unahisi kama ganda la yai.

Nakipa tisa juu ya kumi. Hiyo moja nimeipunguza kwa sababu ya mkwaruzo huu mdogo karibu na kitako, nadhani ni vile vijiko vya mbao. Asiyependa rangi za upole asikinunue, atakichoka ndani ya wiki.

Mwenye chombo cha namna hii nyumbani, kilichoachwa na mwenye nyumba au ulichookota kwenye duka la mitumba, kipindue sasa hivi, upige picha ya kitako na uniwekee hapo chini. Nitazisoma alama zote mwenyewe. Mimi ngoja niingize hii glasi ndogo humu ndani, nitie maji kwenye glasi, na haya mawaridi mawili ya jirani yangu. Tazameni, ule uwaridi wa chombo umekuwa mzito zaidi.