Saiti ya kuhesabu masaa ya ndege, Lamu mpaka New York: nyota tatu

Kuna hii saiti, jina silitaji, unaandika mji unaotoka na unaokwenda inakupa kilomita na masaa ya ndege. Nilikua naenda kwa kakangu New York nikaandika Lamu, ikatoa kilomita 12,200 na kitu, masaa 15 kasoro dakika kidogo. Nikampigia kaka na furaha zangu, natoka Jumanne saa nne asubuhi, we hesabu masaa 15 halafu toa 7 za tofauti ya kwenu, uje unipokee. Maskini akaenda Jumanne hiyo hiyo magharibi akakaa wee, kumbe mie ndo kwanza ndege inaiacha Nairobi na simu nshazima.

Manake saiti inachukua mstari mmoja juu ya dunia, inaugawanya kwa mwendo wa ndege kubwa, inatia nusu saa ya kuruka na kutua, imemaliza. Haijui kua Manda, kisiwa cha ng'ambo chenye kiwanja chetu cha Lamu, hakuna ndege ya Marekani. Haijui boti ya kutoka jeti, yaani gati, begi limefunikwa turubai na halua imo ndani, mie macho yote kwa ile turubai isipeperuke. Halafu kile kindege cha mapangaboi hadi Wilson, kiwanja kidogo cha Nairobi, mzigo kilo 15 tu, nikavaa mabuibui mawili na jua lile la Lamu! Wilson napo teksi mpaka JKIA, kiwanja kikubwa, ukifika ukae tangu mchana hadi karibu saa sita za usiku. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kukanyaga New York ni masaa 30, mara mbili ya walivyosema.

Kilomita lakini wako sawa, hapo siwaonei. Na hewani vilevile si mbali na kweli, ile ndege ya moja kwa moja iliyoanza Oktoba 2018 kutoka Nairobi ni kama kilomita 11,800 na huchukua masaa 15 kwenda. Ila kurudi ni kama 14, na saiti ukigeuza miji inakupa namba ile ile, sasa hii ndo imeniudhi zaidi, kwa sababu kule juu sana upepo unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenda unapata upepo wa omo, wa mbele, na kurudi upepo wa tezi, wa nyuma, nahodha yeyote wa Matondoni, kijiji chetu cha majahazi, angewaambia bure. Tena ndege yenyewe haifuati ule mstari wao sawasawa, anga ya Sudan kwa mfano ilifungwa vita vilipoanza 2023, ikabidi izunguke.

Kwa mtu wa Nairobi itumie tu. Mtu wa Lamu chukua kilomita, masaa hesabu mwenyewe kuanzia jeti. Nyota moja nimekata ya boti, ya pili ya upepo.

Halua ilifika kavu alhamdulillah, kaka akala kabla hajanisamehe.